Spika za Bi Somoe

Zilikuja kwa mkokoteni kutoka Langoni,
mbili, zimevikwa leso moja kama mapacha,
mbao imepauka upande uliokuwa wa dirisha,
na nyuma, kwa kalamu ya risasi: KULIA. KUSHOTO.
Mwandiko wa marehemu Bwana Shekuwe,
aliyeandika majina hata kwenye funguo zake.

"Nitengezee," alisema Bi Somoe, "zisikike kama zilivyokuwa."
Nikaitikia upesi,
kama fundi asiyejua ameahidi nini.

Skrubu nane. Sita zilikubali.
Ndani: sufi ya mto, mayai ya mjusi,
tikiti ya sinema, mwaka hausomeki.
Pete ya povu inayoishika koni
ilikuwa unga; nikiigusa inamomonyoka
kama keki ya Idi ya mwaka juzi.
Chumvi ya Amu haibishi hodi.

Nikakata pete mpya, nikaipaka gundi,
nikashinda siku nzima sigusi,
na hiyo ndiyo kazi iliyonishinda zaidi.
Kapasita zilizovimba nikazing'oa, nikalehemu nyingine.
Kisha betri ya tochi kwenye ncha za nyaya:
koni ikisukumwa nje, nyaya ziko sawa;
ikirudi ndani, umezigeuza,
na kila spika itameza maneno ya mwenziwe
kama wake wenza mezani.
Zote mbili zikatoka nje. Pwu. Pwu.
Kama mtu apulizaye chai.

Ijumaa, baada ya swala, nilizipeleka Mkomani.
Alama za miguu yake zilikuwapo bado sakafuni;
nikaziweka juu ya alama.
Bi Somoe akatoa kanda: arusi ya dadake, Siyu,
udi, vugo, na msondo mmoja mzito.

Nilikaa katikati, nikafumba macho.
Vugo zilikuwa kali bila kuchoma.
Udi niliusikia mpaka ukucha ulipokwaruza uzi.
Mtu akakohoa kushoto, nyuma ya wapigaji,
huenda kesha kufa zamani,
kikohozi chake kibichi.
Kimoyomoyo nikajipa tisa kwa kumi.

"Sizo hizi," akasema Bi Somoe.

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikaongeza sauti.
"Sizo. Msondo ukipigwa, palikuwa na kitu.
Zzz. Kama nyuki katika kikombe.
Upande wa kulia. Yeye akicheka kila mara."

Nikakaza skrubu zilizokwisha kukazwa.
Nikabonyeza koni kwa vidole viwili, nikatega sikio:
haikwaruzi, haiungurumi, safi.
Nikaona haya, haya mpya kwangu,
haya ya kazi iliyokwenda vyema.
Nilikuwa karibu kuipasua ile pete kwa wembe,
kidogo tu, pembeni,
nilipoinua macho ukutani.

Zidaka, safu tano. Chokaa nyeupe. Tupu.

"Bi, hapa palikaa nini?"

"Sahani. Za kina nyanya, kumi na moja.
Tuliziuza alipolazwa Mombasa.
Ya kwanza kutoka ni ile ya pale."
Akaonyesha kwa kidevu:
kidaka kilicho juu ya spika ya kulia.

Sikungoja ruhusa. Nilikwenda jikoni,
nikapata kisahani kilichofiwa na kikombe chake,
maua ya buluu, bei bado imebandikwa chini.
Nikakiegemeza ndani ya kidaka
kiguse jiwe kwa ukingo tu.
Nikarudisha kanda nyuma.

Msondo ukapiga.

Zzz.

Nyembamba. Sahani ya nyanya ingenguruma chini zaidi,
hata mimi nisiyeisikia nilijua.
Bi Somoe hakunitazama.
Alikuwa ameuelekea mlango.

"Karibu," akasema.

Nikakisogeza kisahani, upana wa ukucha.

"Karibu."